Kumbukumbu Haba: Jinsi Mifumo Endeshi Ilivyofika Mwea na Nyeri

Katika vibanda vya simu vya Ngurubani, mji wa mpunga wa Mwea ambao kwenye ramani huitwa Wang'uru, simu mpya hutangazwa kwa tarakimu kubwa: 8GB. Pembeni, kwa herufi ambazo mnunuzi mwenye haraka hazioni, pameandikwa 4+4. Maana yake ni kwamba simu ina RAM ya giga 4, na giga nyingine 4 zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, kule zinakokaa picha, video na nyimbo. Muuzaji hajadanganya, ila hajamaliza maelezo. Ujanja wenyewe si wake, wala si wa kiwanda kilichounda simu hiyo. Ulibuniwa Uingereza zaidi ya miaka 60 iliyopita, kwa ajili ya mashine iliyojaza chumba kizima, na watu waliokuwa na shida ileile ya mnunuzi wa Ngurubani: kazi ni nyingi, kumbukumbu ni kidogo, na kuiongeza ni ghali.

Shida hiyo ndiyo iliyoulea mfumo endeshi. Wengi hudhani mfumo endeshi ni zile picha za kubofya kwenye skrini. Hizo ni mapambo ya mlangoni. Mfumo wenyewe ni programu inayokaa kati ya mashine na programu nyingine zote, ikiamua nani atumie prosesa sasa na kwa muda gani, nani apewe kipande kipi cha kumbukumbu, na nani azuiwe asikanyage cha mwenzake. Prosesa hugawika bila ugomvi mkubwa, kwa sababu programu haiumii ikisubiri sehemu ndogo ya sekunde. Kumbukumbu ndiyo kazi. Programu ikikosa nafasi humo haiwezi kutenda lolote, na tangu mwanzo programu zimekuwa zikinenepa haraka kuliko nafasi ya kuziweka.

1954–1968: Zamu za maji, zamu za kurasa

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianza kuwatumia wafungwa wa Mau Mau kuchimba mifereji katika uwanda wa udongo mweusi wa Mwea. Ilikuwa kazi ya kulazimishwa, na mradi uliotokana nayo uliendelea kuwabana wakulima kwa masharti makali hata baada ya uhuru. Maji yalitoka mito ya Thiba na Nyamindi, yakiteremka yenyewe hadi majarubani. Kila mkulima alipimiwa ekari 4. Maji hayakuweza kujaza kila jaruba siku moja, kwa hiyo yakaenda kwa zamu: lango hili linafunguliwa, lile linafungwa, na mgawaji ndiye anayejua nani anafuata.

Miaka hiyohiyo, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Tom Kilburn na wenzake walikuwa wakijenga kompyuta ya Atlas pamoja na kampuni ya Ferranti. Walikuwa na aina mbili za kumbukumbu. Ya kwanza, iliyofumwa kwa vipete vidogo vya sumaku, ilikuwa ya haraka lakini ghali, nayo ilibeba maneno 16,384 tu. Ya pili ilikuwa ngoma ya sumaku inayozunguka: nafuu, yenye nafasi ya maneno 98,304, lakini ya pole pole. Kabla ya hapo, mwandishi wa programu ndiye aliyebeba mzigo wa kuhamisha data kati ya ngoma na kumbukumbu. Aliikata programu yake vipande kwa mkono, akaandika ni kipande kipi kiingie lini na kitoke lini. Akikosea hesabu, kipande kipya kilifuta kile ambacho bado kilikuwa na kazi.

Kundi la Kilburn liliamua kwamba kazi hiyo ni ya mashine. Walizigawa kumbukumbu zote mbili katika kurasa za maneno 512 kila moja. Programu ikaambiwa kwamba inayo kumbukumbu moja kubwa isiyo na mpaka kati ya vipete na ngoma. Ikiitaja anwani ambayo ukurasa wake haumo kwenye vipete, mashine inaisimamisha, inauleta ukurasa kutoka kwenye ngoma, inaiamsha, na programu inaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Ili ukurasa uingie, mwingine sharti utoke. Atlas ilikuwa na kanuni ya kuchunguza jinsi kurasa zilivyotumika, ikabashiri ni upi hautahitajika karibuni, ukatolewa huo. Mashine ilizinduliwa tarehe 7 Desemba 1962. Programu iliyosimamia shughuli hiyo iliitwa Supervisor, na wanahistoria wengi wa kompyuta huitaja miongoni mwa mifumo endeshi ya kwanza inayostahili jina hilo. Ahadi ile ya kumbukumbu kubwa kuliko iliyopo ndiyo kumbukumbu pepe.

Ahadi hiyo ina kikomo chake, nacho kilionekana upesi. Mashine zilizofuata ziliposhikishwa kazi nyingi kwa pamoja, zilifika mahali zikazama ghafla. Prosesa ilikaa bure huku diski ikihangaika kutoa ukurasa na kuurudisha papo hapo. Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning alieleza sababu. Kila programu ina kundi la kurasa inazozitumia kwa wakati fulani, na jumla ya makundi hayo ikizidi kumbukumbu iliyopo, kila anayeingia anamfukuza anayehitajika. Mkulima wa Mwea hahitaji darasa hapa. Zamu zikifupishwa mno ili kila mtu aonje maji, siku nzima huishia kufungua na kufunga malango, na hakuna jaruba linalojaa. Dawa ya Denning ilikuwa ya mgawaji mwenye moyo mgumu: usiwagawie wote kidogo kidogo, waweke wengine kando kabisa, waliobaki wamalize, kisha wale warudi.

1964–1980: Mashine iliyoonekana kwa karatasi tu

Nairobi haikupata Atlas. Zilijengwa chache mno. Zilizofika Kenya katika miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa mashine ndogo zaidi za kibiashara, nyingi zikiwa za kampuni ya Kiingereza ya ICT, iliyoungana na nyingine mwaka 1968 ikawa ICL. Zilifanya hesabu za mashirika makubwa na za serikali, na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa mishahara. Mtumishi wa serikali aliyefanya kazi Nyeri au Kerugoya huenda hakuwahi kuona kompyuta maishani mwake, lakini aliijua karatasi yake: ndefu, yenye vitundu pembeni, herufi zote kubwa.

Data iliingia kwa kadi zilizotobolewa, moja baada ya nyingine, na kazi zilipangwa foleni. Mashine ya mfululizo wa ICT 1900, uliotangazwa mwaka 1964, ilikuwa na njia yake ya kulinda kumbukumbu, na ni njia inayostahili kutazamwa kwa sababu ya urahisi wake. Kila programu ilipewa namba mbili: mwanzo wa eneo lake na urefu wake. Kila ilipotaka kusoma au kuandika mahali fulani, mashine iliongeza namba ya mwanzo, ikaangalia kama mpaka umevukwa. Ukivukwa, programu ilisimamishwa na opereta akaarifiwa. Hapakuwa na kurasa wala ujanja wa ngoma. Lakini hesabu za idara moja hazikuweza kumwagikia za idara nyingine, na kwa mashine inayolipa maelfu ya watu hilo halikuwa jambo dogo.

Msimamizi wake mdogo, aliyeitwa Executive, aliweza pia kuihamisha programu nzima kutoka eneo moja la kumbukumbu hadi jingine. Ilitosha kubadilisha namba ya mwanzo, na programu yenyewe haikujua kwamba imehamishwa.

Marekani nako, mwaka 1969, Ken Thompson alianza kuandika mfumo wa Unix kwa mashine ndogo ya PDP-7 iliyokuwa haina mtu wa kuigombania, na Dennis Ritchie akajiunga naye. Wakati huo hakuna aliyeona uhusiano wowote kati ya Unix na wakulima wa mpunga. Uhusiano ulikuja, kwa njia ndefu.

1981–1995: Kilo 640

Kompyuta binafsi ya IBM ilitolewa Agosti 1981, na kwa upande wa kumbukumbu ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Prosesa yake, 8088, ingeweza kufikia baiti milioni moja na ushei. Wabunifu walitenga sehemu ya juu kwa ajili ya skrini na vifaa, zikabaki kilobaiti 640 za programu. Mfumo wake, DOS, uliendesha programu moja kwa wakati mmoja na haukulinda chochote. Programu iliyokosea anwani iliweza kuandika juu ya DOS yenyewe, na hapo tiba ilikuwa kuzima na kuwasha. Manchester ilikuwa imelitatua jambo hili miaka 19 kabla. Ila suluhisho la Manchester lilihitaji vifaa vya ziada ndani ya mashine, na mashine hii iliundwa iwe rahisi kununua.

Ni mashine hiyo, na nakala zake za bei nafuu, iliyofika miji ya Mlima Kenya. Katika miaka ya 1990, ghorofa za juu za majengo ya Nyeri, Karatina, Kerugoya na Embu zilipata mabango ya vyuo vya kompyuta. Kilichofundishwa kiliitwa pakeji: WordPerfect ya kuandika, Lotus 1-2-3 ya hesabu, dBase ya kumbukumbu za ofisi. Msichana aliyemaliza kidato cha nne na kuwa na cheti cha pakeji alikuwa na matumaini ya kazi ya ofisi ambayo cheti cha taipu peke yake hakikumpa tena.

WordPerfect 5.1 ilikuwa skrini ya buluu tupu yenye herufi nyeupe. Hapakuwa na kitu cha kubofya. Juu ya vitufe vya F paliwekwa kipande cha plastiki kilichochapwa amri kwa rangi mbalimbali: F7 kutoka, Shift na F7 kuchapa. Mwanafunzi aliyekariri kile kipande alijiona ameijua kompyuta, na kwa kiasi fulani alikuwa sahihi, maana WordPerfect ilipokuwa imefunguka, mashine nzima ilikuwa WordPerfect. Ukitaka Lotus, unatoka kwanza.

Nyuma ya pazia, mwalimu alikuwa na vita vingine. Mashine ingeweza kuwa na megabaiti 2 au 4, na bado programu ikakataa kufunguka kwa kukosa kumbukumbu, kwa sababu nafasi iliyohesabika ilikuwa zile kilo 640 za chini. Kiendeshi cha kipanya kilikula sehemu yake, cha printa vilevile, DOS nayo ikala. Tiba ilikuwa faili la CONFIG.SYS: mstari wa kuita HIMEM.SYS, mstari wa DOS=HIGH ili DOS ijipandishe juu ya mpaka, kisha kuwasha upya na kuandika MEM kuona zimeokolewa kilo ngapi. Mwaka 1993 Microsoft ilileta MemMaker iliyofanya upangaji huo yenyewe. Yaani kufikia hapo mtumiaji wa kawaida alikuwa akifanya kwa mkono kazi ambayo Kilburn alimwondolea mtaalamu mwaka 1962. Historia ya kompyuta ina tabia hiyo. Kila mashine ndogo mpya huanza kwa kusahau kile ambacho mashine kubwa ilishajifunza, halafu hukipata tena kwa gharama yake.

1995–2009: Saiba na mashine za Ex-UK

Prosesa ya Intel 386 ya mwaka 1985 ilikuwa tayari na uwezo wa kurasa. Umma ulizidi kuutumia kwa wingi Windows 95 ilipotoka Agosti 1995. Microsoft ilisema megabaiti 4 zinatosha. Aliyejaribu alijua hazitoshi, na hata 8 ziliingia kwa kubanana. Lakini sasa paliweza kufunguliwa dirisha la barua na la hesabu kwa pamoja, na kilichokosa nafasi kilisukumwa kwenye faili lililofichwa katika diski. Ngoma ya Manchester ilikuwa imerudi, imevaa nguo nyingine.

Mwaka huohuo intaneti ilikuwa ikianza kushika mizizi Kenya. Africa Online, iliyoasisiwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, ilikuwa miongoni mwa waliofungua njia. Saiba, yaani maduka ya kukodisha intaneti kwa dakika, zilitapakaa kuanzia Nairobi na baada ya miaka michache zikawa kitu cha kawaida Nyeri, Karatina, Kutus na Ngurubani. Bei ilianza juu, ikashuka hadi shilingi 1 kwa dakika. Mashine nyingi zilikuwa Ex-UK, yaani zilizotumika ofisini Ulaya zikauzwa tena, na shule zilipata zao kupitia mashirika kama Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002 kukarabati kompyuta kuukuu.

Hapo ndipo nadharia ya Denning ilipopata wateja wanaolipa. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka megabaiti 64 kwa uchache na ikapendekeza 128. Mashine yenye 128 ikishapakia XP, programu ya kuzuia virusi, programu ya kuhesabu dakika na kivinjari chenye madirisha matano, ilizama vilevile kama mashine za mwaka 1968. Taa nyekundu ya diski iliwaka bila kupumzika, kipanya kikasonga kwa kurukaruka, na saa ya saiba ikaendelea kuhesabu. Mteja alilaumu mtandao. Mara nyingine alikuwa na haki, kwa sababu kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kuanza kazi Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yalipitia setilaiti na yalikuwa ya kusuasua. Lakini mara nyingi kosa lilikuwa ndani ya kasha, na kuongeza kijiti kimoja cha RAM kungeokoa kuliko kubadilisha mtoa huduma.

Ukame wa mwaka 2000 nao ulifundisha somo jingine. Thiba humwaga maji yake kwenye mto Tana, ambako mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru na mengine huzalisha umeme. Tana ilipopungua, nchi nzima ilikatiwa umeme kwa mgao. RAM hushika data kwa nguvu ya umeme tu. Ukizimika, kila kilichokuwa humo na hakijaandikwa kwenye diski kinapotea. Wachapaji wa barua na maombi ya kazi walijifunza kuhifadhi faili kila baada ya aya.

Kisha wakaja wadudu. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ulizunguka dunia ukitumia kosa la kumbukumbu katika Windows. Ulituma ujumbe mrefu kuliko nafasi iliyotengwa kuupokea, maneno ya ziada yakamwagikia eneo la jirani, na prosesa ikayatekeleza kama amri. Mashine isiyo na kiraka ilionyesha kisanduku kinachohesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha ikajizima na kujiwasha upya. Mwaka mmoja baadaye Microsoft ilitoa marekebisho makubwa ya XP yaliyoziwekea alama kurasa za data ili prosesa yenye uwezo huo ikatae kuzitekeleza. Ni wazo lilelile la mpaka katika mashine za ICT, ila sasa mpaka haukuuliza tu ni eneo la nani, uliuliza pia ni eneo la kazi gani.

Kiswahili kiliingia katika kipindi hiki pia. Mwishoni mwa 2004 kundi lililofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft haikukawia kuleta kiolesura chake cha Kiswahili. Saiba za Mlima Kenya zilibaki na Kiingereza. Pakeji zilikuwa zimefundishwa kwa lugha hiyo, na mhudumu hakutaka kutafuta upya menyu aliyokwisha kuikariri.

2003–2010: Mulika mwizi na kompyuta ndani ya laini

Kwa mkulima aliyekuwa majarubani tangu alfajiri, saiba ilikuwa mbali na haikuwa na haraka naye. Kilichomfikia ni mulika mwizi, simu ndogo yenye tochi. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilihifadhi majina 50, na ujumbe ulipojaa ilibidi kufuta wa zamani ndipo mpya uingie. Hapo msimamizi wa kumbukumbu alikuwa mwenye simu mwenyewe, kwa kidole gumba.

Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, iliyotokana na kazi ya Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone. Mengi yameandikwa kuhusu mawakala na fedha zake. Machache yameandikwa kuhusu mahali menyu yake ilipokaa, na hapo ndipo penye busara. Haikuwekwa kwenye simu. Iliwekwa kwenye laini. Kadi ya laini ni kompyuta kamili, ina prosesa yake, mfumo endeshi wake mdogo na kumbukumbu ya kilobaiti chache, na ina ulinzi mkali kwa sababu iliundwa kutunza siri za mtandao. Simu iliazima tu skrini na vitufe. Kwa hiyo menyu ileile ilifanya kazi kwenye mulika mwizi ya bei ya chini kabisa na kwenye simu ya mkurugenzi, na hitilafu ya simu haikuweza kuigusa.

Mnunuzi wa mpunga aliyemlipa mkulima kwa M-Pesa alikuwa akiongea na programu ambayo ingetoshea mara nyingi ndani ya zile kilo 640 za DOS.

2011–2022: Ideos na mfumo unaoua

Mwanzoni mwa mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza Huawei Ideos kwa bei iliyotajwa duniani kote kuwa ya dola 80 hivi. Ilikuwa na skrini ya inchi 2.8, mfumo wa Android 2.2 na RAM ya megabaiti 256. Kwa Wakenya wengi ndiyo kompyuta ya kwanza waliyoimiliki, ingawa hawakuiita hivyo.

Chini ya Android kuna Linux, mfumo ambao Linus Torvalds wa Finland aliuanza mwaka 1991 kwa kufuata nyayo za Unix. Lakini wahandisi wa Android walifanya uamuzi mmoja ambao Linux ya mezani haikuufanya: hawakutumia diski kama ngoma. Hifadhi ya simu ni chipu zinazochakaa kadiri zinavyoandikwa, na wakati huo zilikuwa za pole pole. Bila pa kusukumia kurasa, kumbukumbu ikijaa ilibaki njia moja. Mfumo unaua.

Unaua kwa mpangilio. Kila programu hupewa alama kulingana na umuhimu wake kwa mwenye simu wakati huo. Iliyo mbele ya macho yake haiguswi mpaka mwisho. Inayocheza muziki au kupokea ujumbe nyuma ina nafuu. Ile iliyofunguliwa asubuhi na kuachwa ndiyo ya kwanza kuondoka, kimya kimya, bila tangazo. Programu iliyoandikwa vizuri huhifadhi hali yake kabla ya kuuawa, na ikifunguliwa tena hurudi palepale. Iliyoandikwa vibaya humrudisha mtu mwanzo wa fomu aliyokuwa amejaza nusu. Kwenye Ideos hilo lilitokea mara kwa mara, kwani baada ya mfumo wenyewe kuchukua chake, megabaiti zilizobaki zilitosha programu chache tu.

Watumiaji walijibu kwa dawa iliyozidisha ugonjwa. Walipakua programu za kuua programu, wakazoea kufagia kila kitu kila dakika chache. Programu iliyofagiwa na kufunguliwa tena hulazimika kupakiwa upya kutoka mwanzo, kazi inayokula betri na muda kuliko kuiacha ilipo. RAM iliyo tupu haina faida yoyote. Fundi anayemshauri mteja afagie anamaanisha mema. Ni ushauri wa zama za DOS uliohamia simu.

Tatizo la pili lilikuwa hifadhi, na watu wengi walilichanganya na la kwanza. Memori kadi ya giga 4 haikuongeza RAM hata baiti moja. Iliongeza mahali pa kuweka vitu. Android 2.2 iliruhusu kuhamishia baadhi ya programu kwenye kadi, si zote. Mtu akafuta programu ya mkopo ili picha za harusi zipate nafasi, na akaipakua tena siku aliyohitaji mbolea. M-Pesa haikuathirika, ilikuwa ndani ya laini.

Google ilisikia kilio, kwa kuwa soko lilikuwa kubwa. Android 4.4 ya mwaka 2013 ilipunguzwa ili iishi ndani ya megabaiti 512, ikatumia pia mbinu ya kubana kurasa zisizotumika na kuziacha humohumo kwenye RAM zikiwa ndogo. Prosesa inafanya kazi zaidi, chipu za hifadhi hazichakai. Desemba 2017 ikaja Android Go kwa simu za giga 1 kushuka chini. Halafu ngazi ikapandishwa: kuanzia Android 13 ya mwaka 2022, kima cha chini kikawa giga 2. Mwaka huo ndipo Bwawa la Thiba, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 15.6, lilipozinduliwa ili Mwea iongeze mpunga. Bwawa halikufuta zamu. Maji yakizidi, mashamba nayo huzidi, na programu zina tabia hiyohiyo.

Kisha zikaja zile 4+4. Chipu za hifadhi zilikuwa zimeharakishwa na kushuka bei, na kampuni kama Tecno, ambayo huiita huduma hiyo MemFusion, zikaruhusu kurasa zisukumwe kwenye hifadhi. Android iliyojengwa juu ya kukataa ngoma ikairudisha ngoma. Inasaidia kweli: programu zilizoachwa nyuma huchelewa kuuawa. Lakini giga ya kuazima haiendi kwa kasi ya giga halisi, na simu yenye 4+4 haiwi sawa na yenye 8, hata bango liseme nini.

2015 na kuendelea: Mto Muringato

Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi iliyojengwa kwa michango ya wananchi, kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili Desemba 2012. Juni 2015 ndicho kilichoandaa mkutano wa kwanza wa Data Science Africa. Kundi la utafiti linaloongozwa na Ciira Maina likaanza kutega kamera katika hifadhi ya wanyama ya chuo na vipimo vya kina cha maji kwenye mto Muringato.

Kamera ziliweza kutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendesha Linux yenye kurasa na ulinzi kamili. Kifaa kinachokaa darajani miezi mingi kwa betri na paneli ndogo ya jua hakiruhusu anasa hiyo. Vifaa vya aina hiyo mara nyingi hutumia vidhibiti vidogo kama kile cha ubao wa Arduino Uno ambao wanafunzi wengi huanzia, wenye kilobaiti 2 za RAM. Humo hakuna kurasa, hakuna mpaka, hakuna wa kuuawa. Data inayokua kutoka chini na ile inayoshuka kutoka juu zikikutana, programu hupotoka bila kusema. Kwa hiyo mwandishi hutenga kila kitu mwanzoni, haombi nafasi mpya programu ikishaanza kukimbia, na huweka saa ya ulinzi inayowasha kifaa upya kikikaa kimya kupita kiasi.

Kipimo hutuma wimbi la sauti chini, hupima muda linaochukua kugonga maji na kurudi, na kupeleka jibu kwa redio ya masafa marefu. Katika mwendo wake wa pole zaidi, ule unaofika mbali, redio hiyo hubeba baiti 51 kwa ujumbe mmoja. Umbali kwa milimita huingia ndani ya baiti 2, ambazo zinaweza kuhesabu hadi 65,535, yaani mita 65 na ushei. Hakuna daraja la Muringato linalokaribia kimo hicho, na baiti 49 zilizobaki zinatosha kubeba hali ya betri na mengine zaidi.